Nyota Tano kwa Mleta Maziwa

Tangazo lilibandikwa Jumatatu saa mbili asubuhi, likiwa na mihuri mitatu na saini mbili:

"Umma unataarifiwa kwamba kuanzia leo Chuo cha Maendeleo cha Mteremko hakitamchukua tena mchezaji wa mpira wa kikapu kwa sababu anajua kucheza. Kujua kucheza ni habari ya leo. Chuo hiki kinashughulika na kesho."

Aliyelibandika ni Filbert Tarimo, kwa mikono yake mwenyewe, kuanzia getini mpaka Majengo, na nakala moja akaipeleka hadi stendi ya Himo. Filbert alikuwa amefundisha jiografia miaka kumi na minane. Kwa kuwa aliwahi kubashiri mvua za masika na zikanyesha kweli, aliteuliwa kuwa Katibu wa Kamati ya Tathmini na Makadirio ya Vipaji Tarajiwa. Alishonesha suti.

"Sasa mtawajuaje bila kuwaona wakicheza?" mkewe Bernadetha alimuuliza wakinywa chai.

"Ukimwona mtu anacheza unaweza kudanganyika."

"Kudanganyika vipi?"

"Unaweza kuamini anajua."

Bernadetha alimtazama, akamwongezea chai.

Kamati haikuzuka hivihivi. Mwaka uliotangulia wachezaji walichaguliwa kwa macho, na timu ya wasichana ikashinda mechi kumi na moja kati ya kumi na mbili. Mkuu wa Chuo, Dakta Eliezeri, aliumia sana. Wasichana wale walimaliza masomo wakaondoka, na ushindi wakaondoka nao. "Chuo hakiwezi kuwekeza kwa watu ambao tayari ni wazuri," aliwaambia wakufunzi. "Tutafute watakaokuwa." Wakufunzi walipiga makofi, maana mkutano ulikuwa umefika saa nane na hawajala.

Siku ya tathmini walikuja wasichana thelathini na wanane. Mpira wa chuo ulifungiwa stoo mapema, usije ukaathiri matokeo. Vifaa vilikuwa futi ya fundi cherehani, mizani ya kupimia kahawa na fomu ya kurasa tisa. Kila msichana alitakiwa kuja na mzee wa ukoo wake, ili Kamati ione mwili huo unaelekea wapi.

Gladness Lema alitoka Machame na bibi yake, Martha. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mfupi kiasi, na atakayechaguliwa angesomeshwa bure miaka mitatu. Nyumbani kwao hakukuwa na njia nyingine ya kufika chuoni, na wote wawili walilijua hilo bila kuambiana.

"Shikamoo, bibi," Filbert alisema.

"Marahaba, baba."

"Simama wima nikupime."

"Nimesimama."

Filbert alimtazama kutoka juu mpaka chini. Haikumchukua muda.

"Wima kabisa, bibi."

"Baba, wima wangu ndio huu uliobaki."

Filbert akaandika: *Ukoo una mwelekeo wa kupungua.*

Hapo Gladness akafungua kiroba alichobeba, akatoa mpira wake mwenyewe, umechakaa mpaka umekuwa laini kama parachichi. "Mwalimu, naomba nirushe kidogo tu." Kamati ilianza kujadili kama ombi hilo liwasilishwe kwa maandishi. Kabla haijafikia mwafaka, Gladness alikuwa amerusha mara kumi na moja kutoka mbali, na mara zote kumi na moja mpira ulipita ndani ya pete bila hata kuigusa. Moyo wa Filbert uliruka. Mikono yake ilikuwa imeshainuka kupiga makofi alipokumbuka kwamba yeye ni Katibu, akaishusha, akaweka tai sawa.

"Umeliona tatizo?" Dakta Eliezeri alimnong'oneza.

"Bado, Mheshimiwa."

"Kumi na moja kwa kumi na moja! Sasa huyu ataongezea wapi? Andika. Nafasi ya kukua: sifuri."

Filbert aliandika sifuri. Kalamu ilisita kidogo. Alijiambia ni wino.

Wakati huohuo msichana mmoja mrefu kuliko kawaida alikuwa akikatiza uwanjani na ndoo ya maziwa kichwani. Alikuwa Rachel Mtui, ambaye kila asubuhi aliinamia mlango wa kantini ili apite. Dakta Eliezeri alisimama ghafla hata kiti kikaanguka.

"Binti! Umewahi kushika mpira wa kikapu?"

"Shikamoo, mzee. Hapana. Nimeleta maziwa."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Dakta alivuta pumzi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Akaagiza apewe mpira wa Gladness arushe. Rachel akatua ndoo, akajifuta mikono kwenye kanga, akarusha. Mpira ulipita juu ya ubao, ukavuka ukuta, ukapotelea kwenye kihamba, shamba la migomba la jirani. Kamati nzima ilisimama ikapiga makofi.

"Nafasi ya kukua: mia kwa mia!" Dakta alitangaza. "Nyota tano!"

"Lakini mzee, mimi sikuja kuomba nafasi."

"Katibu, ongeza: unyenyekevu pia anao."

Bibi Martha ndiye aliyekwenda kuutafuta mpira migombani. Aliporudi nao alisimama mbele ya meza, majani makavu yamemganda kwenye kanga. "Mjukuu wangu amekosea nini?"

"Hajakosea, bibi," Filbert alijibu kwa upole. "Ndilo tatizo lenyewe."

Waliondoka bila kuaga. Filbert aliwatazama hadi getini.

Gladness hakurudi Machame kukaa. Majengo, nyuma ya duka la vyerehani, kulikuwa na chuo kidogo cha ushonaji chenye wanafunzi ishirini, uwanja wa vumbi na pete moja iliyopinda. Mwalimu wao, Winfrida, hakuwa na kamati. Alimuuliza, "Unaweza kurusha?" Gladness akarusha. Winfrida akasogeza cherehani moja, akamwekea kiti. Ada angelipa kwa kushona sare za shule.

Mwezi mmoja baadaye timu za vyuo hivyo viwili zilikutana kwenye uwanja wa Mteremko. Mteremko walifungwa sabini na moja kwa nne. Kati ya hizo nne, mbili zilitiwa na mshonaji mmoja aliyesahau wanashambulia upande gani. Rachel alisimama chini ya pete muda wote, akimwomba radhi kila aliyemgonga. Gladness alifunga thelathini na nane, na mpira ulipotoka nje alikuwa akimwonyesha Rachel jinsi ya kupanga miguu.

Ripoti ya Kamati ilikuwa tayari Jumatano. Filbert alieleza kwamba kipindi cha kwanza timu ilipata sifuri, na cha pili nne. Ukuaji huo haukuweza kukokotolewa, na Dakta Eliezeri akafafanua kuwa kisichokokotoleka hakina kikomo. Kwa makadirio hayo, mechi ileile ikichezwa miaka minne ijayo, Mteremko itashinda mia mbili na sita kwa bila. Ijumaa ikaandaliwa sherehe, na Bodi ya Chuo ikaalikwa kuja kuuthibitisha ushindi.

Mwenyekiti wa Bodi alikuwa Mama Victoria wa Kibosho, mama aliyeonja kahawa ya chama cha wakulima kwa miaka thelathini na hakuwa na haraka ya kumeza kitu chochote. Aliisoma ripoti yote, ukurasa kwa ukurasa. Kisha akavua miwani.

"Njia hii ni nzuri. Kwa nini mmeiweka kwenye mpira peke yake?"

"Hata mimi najiuliza, Mama!" Dakta Eliezeri alisema, uso umemng'aa.

"Basi tuanzie juu. Katibu, lete fomu. Dakta, ukuu wa chuo umeufanya miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Kazi unaijua?"

"Kama kiganja changu."

"Kuna ambalo bado hulijui?"

Dakta alicheka kidogo. "Mama, kusema kweli, hakuna."

Filbert alishika kalamu. Akilini alimwona bibi Martha na majani yake makavu, na safari hii hakusingizia wino. Akaandika.

"Isome, Katibu."

"Nafasi ya kukua," Filbert alisema. "Sifuri."

"Lakini hiyo ni ya wachezaji!" Dakta alisema. "Mimi kazi yangu naifanya vizuri!"

"Tumeliona hilo, na limekushusha," Mama Victoria alijibu kwa huruma ya kweli. "Hapa chuoni nani hajawahi kabisa kuongoza chochote?"

Mlango ulifunguka. Rachel aliinama, akaingia na sinia la chai.

"Mimi sijui kuongoza," alisema, alipoelezwa.

Bodi ilipiga makofi.

Jumatatu Rachel alikaa kwenye kiti cha ngozi cha Mkuu wa Chuo, magoti yakigota meza, akamwita Filbert. "Mwalimu, wewe ungewachaguaje wachezaji?"

"Ningewapa mpira, nikaangalia."

"Basi nenda Majengo ukamwombe yule dada aje."

Alimkuta Gladness akipinda sare, pini mdomoni. Filbert alimwomba radhi kwanza, yeye na bibi yake, kisha akampa barua. Gladness aliisoma, akatema pini moja moja kiganjani.

"Mwambie Mkuu asante. Mimi nina sare arobaini za kumaliza na mwalimu wangu yuko hapa. Lakini Jumamosi saa kumi tunafanya mazoezi. Akitaka kujifunza, aje."

Rachel alikwenda. Filbert alimsindikiza, na huko wakamkuta Dakta Eliezeri, amekuja na barua ya rufaa akiamini Mkuu mpya atakuwa na nafasi ya kumsikiliza. Rachel alimwahidi kuisoma baada ya mazoezi. Mwandika pointi alikuwa ameitwa na mteja dukani, kwa hiyo Winfrida akamkabidhi Dakta chaki na kumwonyesha ukuta. Gladness akarusha, mpira ukaingia. Dakta akachora mstari mmoja. Filbert, aliyemfanyia kazi miaka yote hiyo, anasema ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiandika jambo lililokwisha kutokea.