Tarumbeta Namba Arobaini na Saba

Jumatatu, 4 Machi
Hoteli imetukubali. Kila Ijumaa na Jumamosi, mwaka mzima! Ila jukwaa lao linabeba watu watano, nasi tuko sita. Kiongozi wa bendi atamtaja wa kuachwa Jumamosi. Nilimtazama shemeji, mpiga tarumbeta, kaka wa mke wangu. Miaka minane anasimama mbele anapigiwa makofi, mimi nyuma kwenye kinanda kama mlinzi wa ghala. Nyumbani nako mke hamalizi kula bila kumsifu. Nimechoka naye. Kinanda kipya cha bendi kinaweza kutengenezewa sauti yoyote. Nitakitengenezea tarumbeta, shemeji akapumzike.

Jumanne, 5 Machi
Kitabu cha maelezo, kurasa sitini. Nimechanganya mawimbi mawili ya sauti, nikazungusha swichi zote. Imetoka sauti ya mbuzi mwenye mafua. Nikaongeza mwangwi. Mbuzi mwenye mafua, kisimani. Mke aliuliza kutoka jikoni kama nimeumia.

Jumatano, 6 Machi
Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimemwita shemeji, nikamdanganya kwamba natafuta sauti ya kumsindikiza. Hakushuku chochote. Tabia hiyo ndiyo inayoniudhi. Alisema tarumbeta halianzi ghafla: pumzi hutangulia, sauti hufuata, mwisho hutetemeka kidogo. Nikachelewesha mwanzo, nikatia mtetemo mwishoni. Ikawa!
Lakini nikipiga mimi, bado inasikika kinanda. Nikamketisha yeye, apige kama anavyopuliza, nimwige. Alishika upesi, kumbe utotoni alipiga kinanda cha kwaya. Nimeihifadhi sauti hiyo kama namba arobaini na saba. Kisha nikapanga sauti za nyimbo zetu zote, nikabandika orodha juu ya kinanda, kiongozi amjue mtaalamu ni nani.

Ijumaa, 8 Machi
Kiongozi amesikiliza akiwa amefumba macho. Hakutofautisha na tarumbeta lenyewe. Akasema kweli sasa mtu mmoja anaziba nafasi mbili. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nimemwambia mke amwandae kaka yake kwa habari nzito. Shemeji nimemwonea huruma dakika nzima.

Jumamosi, 9 Machi
Wameniacha mimi.
Kiongozi alinieleza kwa upole. Sauti zimo ndani ya kinanda, kinanda ni cha bendi, orodha inasomeka vizuri, na shemeji anajua kukipiga. Mimi tarumbeta sipulizi. Nikauliza nani atazirekebisha sauti zikiharibika. Akasema nimezitengeneza vizuri mno, haziwezi kuharibika.
Kikulacho ki nguoni mwako. Changu nilikishonea na mfuko.
Shemeji alilia, akasema nikitaka atakataa, nafasi iwe yangu. Nikamwambia aende tu. Ningekubali, ningelazimika kumshukuru maisha yangu yote. Usiku mke alinipakulia chakula, na kwa mara ya kwanza hakumtaja kaka yake. Hapo ndipo nilipoisukuma sahani kando. Niliitaka ile nafasi. Niliitaka sana.

Jumatatu, 11 Machi
Bendi ya ng'ambo ya mji imenipa wiki moja ya majaribio. Watu wazuri, isipokuwa mpiga ngoma. Amekalia mahali penye feni, mimi wamenisukumia mlangoni. Kinanda chao kina sehemu nzima ya ngoma ambayo hakuna aliyewahi kuigusa. Nimemwomba mpiga ngoma tuje kesho mapema, sisi wawili tu. Yeye anionyeshe mapigo yake, mimi nimwonyeshe vitufe.