Joto kwa Ratiba: Hotuba ya Uzinduzi katika Wodi ya Watoto Njiti

(Imenakiliwa neno kwa neno na karani wa mikutano, aliyepewa kiti cha mwisho kabisa katika chumba cha nje cha wodi, karibu na mlango wa kuingilia kwa watoto.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa siku ya leo ni mimi mwenyewe baada ya aliyealikwa kupata udhuru. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uzinduzi, ambaye pia ni mimi. Wajumbe waheshimiwa wa Kamati Ndogo ya Saa na wa Kamati Ndogo Zaidi ya Dakika. Mganga Mkuu wa hospitali hii. Wakuu wa vitengo, makaimu wao, na wanaowakaimu makaimu. Sista wa zamu wa wodi ya watoto njiti, ambaye naona amesimama mlangoni ingawa kiti tumempa. Fundi wa umeme. Akina mama wazazi, akina bibi, na ninyi wananchi mliojazana kwenye korido. Wenye vyeo kwa vyeo vyenu, na wasio na vyeo kwa subira yenu: itifaki nimeizingatia, na ikigundulika kuna aliyesahaulika, nitarudi kuizingatia upya.

(Makofi ya meza kuu. Sista anaangalia saa yake ya mkononi.)

Kabla sijafika mbali, Sista amenidokeza sikioni kwamba ana nusu saa tu. Nataka niseme hadharani kuwa amenifurahisha sana, maana huyu ndiye mtumishi tunayemtaka, mtumishi anayejua thamani ya muda, na muda ndio uliotuleta hapa leo. Kwa hiyo nitasema kwa kifupi. Nitasema kwa saa moja na nusu.

(Sista: "Mheshimiwa, mimi nilisema nusu saa. Watoto hawawezi zaidi ya hapo.")

Anataka kurudi kwa watoto wake, na sisi tunamwelewa. Ndugu zangu, nyuma ya mlango ule wamelala watoto tisa waliozaliwa kabla ya siku zao, na mdogo kuliko wote, nimeambiwa, ukimweka kwenye mizani pamoja na pakiti ya kilo moja ya sukari, pakiti inamshinda. Mtoto wa namna hiyo hajapata nyama wala mafuta ya kumkinga. Hajipashi joto mwenyewe. Chumba kikipoa, naye anapoa, na akipoa sana hatuna la kumwambia mama yake. Kwa miezi kumi na minane sasa Sista na wenzake wamekuwa wakichemsha maji kwenye birika, wakijaza chupa za mpira, wakizifunga vitambaa na kumpangia kila mtoto mbili, moja kulia moja kushoto, kisha wakibadilisha zikianza kupoa, usiku na mchana. Hiyo ni teknolojia ya kizamani. Ofisi yangu ilisikitika mno, na masikitiko hayo hatukuyaacha hivihivi, tuliyapeleka kwenye kikao.

(Makofi. Akina mama kwenye korido wamekumbatia mabega yao wenyewe. Wote shuka zao wameziacha ndani, juu ya watoto.)

Hivyo basi, kifaa mnachokiona ukutani nyuma yangu, chenye utepe mwekundu, kinaitwa Kidhibiti Jumuishi cha Joto na Ubaridi chenye Ratiba Inayojiendesha, kwa kifupi KIJUJOURA. Nje kukiwa na baridi kinaleta joto, nje kukiwa na joto kinaleta ubaridi, na pasipokuwa na joto wala baridi kinatafakari. Kina skrini, kina vitufe vinne, na kwenye skrini mnasoma nyuzi ishirini na sita. Hebu itazameni hiyo ishirini na sita. Tangu tuingie humu haijapanda, haijashuka, haijacheza hata chembe. Huo ndio tunaouita uthabiti wa kimfumo.

(Fundi wa umeme anakohoa.)

Na wala msiniamini mimi, uaminini mwili. Nilipoketi tu pale mbele nilisikia joto likinipanda mgongoni polepole mpaka nikalegeza tai, na Mganga Mkuu naona amevua koti. Mlioko korido kama hamjalisikia, ni suala la kabareji, yaani ueneaji, litawafikia.

Sasa niingie kwenye setingi zenyewe, maana kuna watu wanadhani kuseti taimu ya kifaa ni lelemama. Kitabu cha maelekezo kilikuwa na mistari mitano tu: bonyeza kitufe cha saa, weka saa, bonyeza kitufe cha siku, chagua siku, kisha weka muda wa kuwaka na muda wa kuzima. Kamati ikaona mistari mitano haiwezi kubeba uzito wa jambo lenyewe, tukaipanua kwa njia shirikishi ikawa kurasa mia mbili na kumi na mbili, ukiacha viambatisho, na wajumbe tukasafiri siku tisa kwenda kujionea kidhibiti kinachofanya kazi. Tulikikuta kwenye vyumba vyetu vya hoteli. Ukilala chini yake siku tisa, nawaambieni, unakielewa.

Upande wa siku, tuliazimia kwa kauli moja kwamba KIJUJOURA ni mtumishi kama watumishi wengine. Kitafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, kitapumzika saa saba hadi saa nane mchana kwa ajili ya chakula, sikukuu hakitawaka, na kila mwaka kitakwenda likizo ya siku ishirini na nane, pamoja na likizo ya uzazi endapo itatokea.

(Bibi mmoja, ambaye binti yake alijifungua mapacha juzi, anasogea kutoka korido: "Samahani mwanangu. Na wajukuu zangu Jumamosi wawe wapi?")

Swali zuri sana, bibi, na ndio maana ya ushirikishwaji. Masuala yote ya wikiendi yamewekwa katika Feezi ya Pili, yaani awamu ijayo ya mradi.

("Haya, hiyo Feezi itakuja na siku yake. Mimi nauliza leo. Leo hao watoto watalala na joto? Mimi naogopa, mwanangu, sikufichi. Yule wa pili miguu yake ukiishika ni kama umeshika bomba la maji.")

Bibi, tumeyapokea. Leo ni Ijumaa, usiwe na haraka, swali lako liko kwenye hotuba, ukurasa wa mbele huko.

(Bibi harudi korido. Anasimama palepale. Sista: "Mheshimiwa, zimebaki dakika kumi.")

Upande wa saa ndiko kulikokuwa na mgogoro, na mimi ni muwazi, sifichi. Tuliazimia kifaa kiwake saa mbili kamili asubuhi na kizimike saa kumi kamili jioni, kama ofisi yoyote inayojiheshimu. Kamati Ndogo ya Saa ikaandika mbili, ikaandika kumi, ikasaini. Akaja fundi wa umeme, huyu hapa, akasema, "Wakubwa zangu, mashine hii inaanza kuhesabu usiku wa manane. Saa mbili yenu ya asubuhi kwake yeye ni nane. Mkiiandikia mbili, itawaka watu wamelala, na mkiiandikia kumi, itazima saa nne asubuhi." Mjumbe mmoja akamjibu, na kumbukumbu za kikao zipo, kwamba mashine ndiyo iliyokuja kwetu, si sisi tulioifuata, mgeni hufuata saa za mwenyeji wake. Tulijadiliana miezi mitatu. Sista akaitwa kutoa ushauri wa kitaalamu, akatuomba, karibu apige magoti, akasema, "Basi liacheni kosa hilohilo, wazee wangu. Saa nane usiku mpaka saa nne asubuhi ndizo saa za baridi. Mmekosea penye faida." Lakini serikali haiendeshwi kwa makosa, hata yawe mazuri namna gani. Tulilisahihisha siku ileile.

(Makofi ya meza kuu. Sista ameinamisha kichwa.)

Matokeo yameanza kuonekana. Katika utafiti tulioufanya, asilimia tisini na saba nukta nne ya waliohojiwa walisema joto ni kitu kizuri. Asilimia mbili nukta sita hawakujibu, kwa kuwa walikuwa wamelala, nao ni watoto wenyewe. Hapa naomba nijipongeze kidogo, maana mwenye macho haambiwi tazama: wakati wengine wakisema haiwezekani, mimi nilisema itawezekana; wakati wengine wakiuliza lini, mimi nilisema muda si mrefu; na hadi leo msimamo wangu haujabadilika, ni muda si mrefu.

(Sista: "Mheshimiwa, nusu saa imekwisha. Nakuomba.")

Namalizia, Sista, mvumilivu hula mbivu. Naomba wote tusimame kwa kaulimbiu. Nikisema "Joto", mnajibu "kwa ratiba". Joto!

("Kwa ratiba," inajibu meza kuu peke yake. Bibi amefika safu ya mbele.)

Bado naona hamjachangamka, pengine ni uzito wa tukio. Basi niingie kwenye shukrani, kwa sababu moyo usio na shukrani hukausha mema mengi. Kwanza namshukuru seremala aliyelichonga boksi hili kwa ubao mwepesi, akalipaka rangi ya fedha, hata sisi tuliomwagiza tukawa tunasahau. Namshukuru mchoraji wa mabango aliyeiandika ile ishirini na sita kwa mkono usiotetemeka. Namshukuru fundi wa umeme kwa ule waya mzuri unaoingia ukutani, na kwa uungwana wa kutouliza tena upande wa pili unakutana na nini. Fundi, tukishakata utepe, libandue taratibu, usikwaruze rangi, kwa sababu kesho saa tatu asubuhi linazinduliwa hospitali nyingine, na Jumapili nyingine tena. Sisi, tofauti na mashine, hatuna wikiendi. Kuhusu kifaa chenyewe kwa maana ya kifaa, maombi ya kuomba kibali cha kukiombea yamefikia hatua nzuri, na katika ile ratiba ya kurasa mia mbili na kumi na mbili kimeshatengewa likizo yake.

(Minong'ono. Fundi wa umeme: "Mimi nilisema.")

Na mwisho, ila si kwa umuhimu, namshukuru huyu Sista wetu, ambaye baada ya kupokea barua yangu ya maelekezo aliiazima meza kuu chupa kumi na nane za maji ya moto, zikapangwa chini ya meza na nyuma ya migongo yetu, ili wageni waheshimiwa waonje joto la mfano na waweze kulitolea ushuhuda. Sista alisema nusu saa, mimi nilichukua dakika hamsini, na kwa kweli hata mimi hapa mgongo umeanza kupata ubaridi, jambo linaloonesha jinsi mradi huu unavyohitajika. Asanteni kwa kunisikiliza. Joto!

(Bibi amepita katikati ya vyombo vya maua, amefika nyuma ya kiti cha Mheshimiwa, anapeleka mkono mgongoni pake kama mtu anayetafuta mto wake mwenyewe.)

Bibi, tafadhali, itifaki.

(Bibi anaitoa chupa, anaiweka shavuni. "Imepoa," anasema. Sista anakimbia ndani, na kutoka ndani anasikika akiita majina ya watoto mmoja mmoja. Mganga Mkuu anavuta chupa yake kutoka chini ya miguu na kuipitisha korido bila kumtazama mtu. Akina mama wanaingia meza kuu, wanawainua wajumbe kwenye viti, wanahesabu: kumi na tano, kumi na sita. Ya kumi na nane ameikalia mjumbe wa Kamati Ndogo Zaidi ya Dakika, naye anasimama. Mheshimiwa bado anaongea. Kilichofuata hakikunakiliwa, kwa kuwa karani aliweka kalamu chini akaenda kubandika maji.)