Malab na Chumba cha Mwarobaini

Jumatatu, 8 Septemba

Nafasi yangu imefika! Mama Ramlo, mwenye nyumba wetu, ameondoka asubuhi kwenda Lafey kumwangalia dada yake anayeumwa. Harudi hadi Jumapili. Ameniachia Malab, paka wake. Malab kwa Kisomali ni asali, na kweli manyoya yake yana rangi hiyo. Mama Ramlo alimkumbatia paka kwa muda mrefu, akamnong'oneza maneno. Mimi nikapewa kwaheri tu.

Furaha yangu haitokani na paka. Inatokana na chumba cha pembeni, kile kilicho chini ya mwarobaini, ambacho kimebaki wazi tangu mpangaji wake ahamie Wajir. Changu kinatazama machweo. Ikifika alasiri bati linalia kama kitu kinachokaangwa, na kinachokaangwa ni mimi. Garissa hii! Mtu wa Meru hakuumbwa kwa jua la namna hii.

Aweys naye anakitaka. Ni jirani yangu, fundi wa simu pale Soko Mugdi, mpole kupita kiasi. Upole huo unanitia shaka.

Mpango: Mama Ramlo akirudi amkute paka mnono, anayeng'aa, msafi kuliko alivyomwacha. Atauliza ni kazi ya nani. Nitainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nitapewa ufunguo.

Maagizo yake: maji safi kila wakati, nyama ya kuchemsha bila chumvi wala bizari, asitoke nje kwenye jua kali, asipewe maziwa. Sikubisha. Lakini paka asiyepewa maziwa! Wapi na wapi?

Jumanne, 9 Septemba

Nimenunua maziwa ya ngamia kwa akina mama wa sokoni. Malab amemaliza bakuli, akalamba sharubu, akanitazama kwa heshima mpya. Nikamwongezea. Aweys akapita, akasema Mama Ramlo amekataza maziwa. Nikamjibu kwamba wivu haufai.

Baadaye. Sitaandika yote. Malab alichagua kwanza shati langu jeupe la kazini, nililokuwa nimelikunja vizuri. Kisha akachagua kitanda. Sikujua kiumbe mdogo hivi anaweza kuhara kiasi hicho. Na amekonda! Siku moja tu, na mbavu zinaonekana!

Nimefua shuka. Aweys ameniletea sabuni bila kuombwa. Najua anachokitafuta.

Jumatano, 10 Septemba

Tumbo limetulia. Sasa anajikuna. Nimepekua manyoya nikakuta viroboto, na mmoja akahamia kwangu papo hapo.

Nimejaribu kumwogesha kwenye karai. Karai limepinduka. Mimi nimelowa, paka ni mkavu. Nina mikwaruzo shingoni. Kazini, pale ofisi ya maji ninapokaa na mafaili, nimewaambia ni miiba. Wamecheka kwa namna ambayo sikuipenda.

Jioni nimekwenda duka la dawa za mifugo nikaomba dawa kali ya viroboto na kupe. Muuzaji akauliza nina mbuzi wangapi. Mtu mzima siwezi kusema nimekuja kwa ajili ya paka. Nikasema ninaye mmoja, mdogo.

Alhamisi, 11 Septemba

Leo sijui niandikeje.

Nilimpaka Malab ile dawa mchana, nilipokuja kula. Aweys alikuwa anatoka msikitini, akasimama mlangoni akainusa. "Walaal, ndugu yangu, hii ni dawa ya mbusi," akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali, ambamo paka ni baka. "Baka nalamba mwili yake yote." Nikamwambia ashughulike na simu zake. Akaenda.

Chai yangu haijapoa, Malab akaanza kutokwa na mate. Kisha akatetemeka. Kisha miguu ya nyuma ikamkataa, akaanguka ubavu. Akajaribu kunijia. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka sasa. Katika watu wote, alijaribu kunijia mimi.

Nilipiga kelele kumwita Aweys. Alikuja mbio bila viatu, akaamuru maji na sabuni ya vyombo. Tulimwosha, tukamsuuza, tukamwosha tena. Malab hakukwaruza. Ningefurahi kama angenirarua mkono wote. Aweys akatandua shuka lake jipya kitandani, akamfunga ndani yake, tukarukia tuktuk.

Daktari wa mifugo anaitwa Kaaha, mwanamke mrefu ambaye wagonjwa wake wengi ni ngamia. Aliuliza tumempaka nini. Nikampa chupa. Akaisoma, akaninyanyulia macho.

"Imeandikwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Wewe umeona pembe wapi?"

Alifanya kazi huku akieleza: paka hujisafisha kwa ulimi, kwa hiyo ukimpaka kitu umemlisha, na mwili wa paka hauwezi kuivumilia sumu ambayo mbuzi anaivumilia. Alimnyoa mguu wa mbele, akamtundikia maji, akamchoma sindano. Alisema kilichosaidia ni kule kumwosha haraka. Mengine tusubiri.

Tukakaa kwenye benchi la nje. Hapo ndipo Aweys aliponisimulia kwamba Malab aliletwa na Faduma, binti wa Mama Ramlo, akiwa kitoto cha paka, kabla Faduma hajaolewa ng'ambo. Ndiyo maana mama yule huzungumza na paka kila jioni. Anamsimulia habari za siku nzima, kama ambavyo angemsimulia mwanawe. Mimi nilidhani ni uzee.

Vumbi likaniingia machoni. Benchi zima lilikuwa na vumbi, maana Aweys naye lilimwingia.

Ijumaa, 12 Septemba

Yu hai! Amesimama, amekula kipande cha kuku, amemkemea mbuzi wa mtu dirishani! Daktari Kaaha anakaa naye hadi kesho. Akipata nguvu arudishwe apewe dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa. Hata paka huchanjwa hiyo. Sikuuliza swali. Nimeacha kuuliza maswali pale.

Alasiri simu imelia kutoka Lafey. Mama Ramlo anataka kusikia sauti ya Malab. Sasa hivi. Aweys akanionyesha kwa mikono kwamba niseme ukweli. Nikaona ukweli utamuua yule mama huko huko. Nikasogeza simu, nikavuta pumzi, nikalia nyau.

Kwa maoni yangu ilikuwa nyau nzuri.

Kisha Mama Ramlo akasema polepole: "Kinoti. Mbona baka yangu leo naongea Kimeru?"

Nikasema ana mafua. Akauliza ni nani mwenye mafua. Mtandao ukakatika, kwa msaada wa kidole changu. Aweys alikuwa amelala chini uani, anapiga mchanga kwa kiganja, hawezi kupumua.

Jumamosi, 13 Septemba

Malab amerudi nyumbani. Amekonda, na mguu una duara lisilo na manyoya. Mama Ramlo ataliona akiwa bado mlangoni.

Nimekata soksi nikamvisha. Ameivua. Nimemvisha tena. Ameivua na kuificha. Nikanunua hina, maana rangi yake inaelekea ya asali, na ni mguu mmoja tu. Nilikuwa nakoroga Aweys alipoingia. Alichukua bakuli, akaenda kulimwaga chooni.

Nilikasirika kama dakika moja hivi. Kisha akachemsha nyama, akaichambua nyuzi nyuzi, tukachuchumaa wote wawili kumtazama Malab akila. Aweys akauliza, yeye akipata kile chumba, bado tutakunywa chai pamoja? Nikasema nitafikiria. Tutakunywa. Lakini si lazima ajue leo.

Jumapili, 14 Septemba

Nilikuwa na hotuba. Ilikuwa na sehemu ya upele, na sehemu kuhusu mitindo mipya ya kunyoa paka Nairobi.

Mama Ramlo aliingia amejaa vumbi la safari, akatua mfuko, akaita. Malab akatoka mbio akichechemea kidogo. Yule mama akamnyanyua, mkono ukapita mgongoni, ukapita mbavuni, ukafika kwenye duara. Hotuba ikanitoka kichwani. Nikasema yote: maziwa, dawa, mbuzi wangu wa uongo, hata ile nyau. Aweys akaingilia, akasema tulikuwa wawili na lawama ni ya wawili. Haikuwa kweli. Alisema tu.

Mama Ramlo alikaa kwenye mkeka na paka mapajani. Akalia bila sauti. Sijawahi kujisikia mdogo hivyo.

"Wewe nabeleka yeye daktari?" akauliza hatimaye.

Nikasema tulimpeleka.

"Mbio?"

"Mbio, Mama."

"Basi kaa. Kunywa chai." Akaongeza kwamba siku nyingine Malab akiumwa nimpigie simu, hata kama yuko Makka. Na nisilie mimi. Alie paka.

Chai ilipokwisha, mimi na Aweys tulikohoa kwa wakati mmoja. Tukauliza habari za chumba. Mama Ramlo alishangaa. Chumba ni cha Zeinab, binti wa kaka yake, anayeanza chuo hapa mjini. Anafika kesho. Nyumba nzima inajua, akasema. Hatukuuliza tu.

Jumatatu, 15 Septemba

Zeinab ameingia chumbani. Amekuja na feni! Mwenye kivuli kaongezewa upepo.

Malab anahitaji kurudisha mwili. Mama Ramlo amenipa onyo rasmi mbele ya Aweys: nisimguse paka kwa dawa, mafuta wala chakula. Kazi niliyobakiziwa ni kujaza bakuli lake la maji. Sawa. Nimekubali kwa moyo mweupe.

Ila leo nimepita kule dukani nikaona vitamini za kuku. Kwenye pakiti kuna picha ya kuku anayeng'aa ajabu. Safari hii nimesoma maandishi yote, hata yale madogo, kama daktari anavyotaka. Ni ya kuku. Na paka hula kuku kila siku, haijawahi kumdhuru! Tena inasema ichanganywe kwenye maji.

Bakuli la maji nimeruhusiwa.