Chai Inayomlegeza Baba Yangu

Chinongwe, Ruangwa
Likizo ya Juni, 1954

Bwana Mhariri mpendwa,

Naomba nafasi ndogo gazetini, hata ile ya pembeni karibu na matangazo ya baiskeli, maana mimi ni msichana wa haya. Mbele ya wageni ulimi wangu huganda, na ni kalamu tu inayonitii. Nasoma darasa la saba shule ya masista huko Nachingwea. Sista wa somo la afya alitufundisha, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, kwamba ndani ya chai mna kitu kiitwacho kafeini. Kikiwa kidogo humchangamsha mtu; kikizidi humkosesha usingizi, humtetemesha mikono na kumwendesha moyo mbio. Madhara mengine hakuyataja. Sista hana baba anayetembelewa na washenga.

Wanaotutembelea sisi wametumwa na Bwana Eustakio, aliyekuwa dereva wa trekta huko huko Nachingwea, wakati wa ule mradi wa Serikali wa kulima karanga. Amefiwa na mke, na binti yake ni wa rika langu. Mshenga mkuu ni mjomba wake, Mzee Protasi. Desturi ya nyumbani kwetu ni kwamba washenga huja na ratili ya majani ya chai pamoja na sukari, na binti anayeposwa ndiye anayechemsha, anapeleka, anapiga magoti na kunyamaza. Yaani najipikia mwenyewe cha kuniozesha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Chai huharibu kumbukumbu. Baba yangu, Mzee Kasmiri, aliahidi mbele ya Padri kwamba nitasoma mpaka niwe mwalimu. Washenga walipokuja mara ya kwanza, kabla hajanywa, alisema, "Huyu bado yuko shuleni." Kikombe cha kwanza kiliposhuka akasema, "Shule nayo ina mwisho wake." Cha pili: "Kusoma anajua, kuandika anajua, kimebaki nini?" Ya kikombe cha tatu sikuyasikia vizuri, kwa kuwa alikuwa anacheka na Mzee Protasi na kumwita mkwe.

2. Kafeini haikai ndani ya mtu aliyeinywa. Baba hunywa, kisha hulala fofofo na kukoroma. Anayekesha ni mimi, ambaye sikuonja. Anayetetemeka mikono ni mimi, nikikusanya vikombe. Moyo unaokwenda mbio ni wa Mama, jikoni. Wataalamu wachunguze namna sumu hii inavyomruka baba na kumwingia binti.

3. Chai huharibu macho. Baada ya birika moja Baba alimtazama Bwana Eustakio mwenye mvi, aliyewasindikiza washenga siku hiyo, akaona kijana. Akaitazama baiskeli yake isiyo na breki, akaona motokaa. Kisha akanitazama mimi, asione kitu.

4. Ugonjwa huu unaambukiza. Juzi walikuja hata baba zangu wadogo, ambao hawajawahi kuniuliza nasoma darasa gani. Walipoonja tu, kila mmoja akawa bingwa wa maisha yangu. "Msichana akizidi kusoma anakauka," alisema mmoja wao, huku akiomba aongezewe sukari.

Kwa hiyo naiomba Serikali chai ifungiwe kwenye kabati la sumu la hospitali, na mtu apewe kwa cheti cha daktari. Washenga wote watokao Nachingwea wapekuliwe njiani. Baba mwenye binti shuleni apewe maji tu, tena ya baridi. Hayo yasipotosha, michai ing'olewe nchi nzima. Serikali iliyoleta matrekta kutoka ng'ambo ikang'oa msitu wetu wote, ili karanga zipate mahali pa kukataa kuota, haiwezi kushindwa na buli.

Tafadhali fanyeni haraka. Washenga wanarudi Jumamosi kupokea jibu, na shule inafunguliwa Jumatatu. Nisipoonekana darasani siku hiyo, mjue ni kafeini.

Wasalimie wapiga chapa wako, wauza magazeti, na mabinti zako kama unao. Wewe mwenyewe sijui asubuhi unakunywa nini, kwa hiyo nakusalimu kwa tahadhari.

Ni mimi msomaji wako,
Kornelia binti Kasmiri
(Naomba jina lisichapwe.)

Baada ya sahihi: Barua hii ilikosa mtu wa kuipeleka posta, na Jumamosi imeshapita. Ni haki nieleze. Ili kumkinga Baba, sikuwapa majani yao. Nilikaanga pumba za mahindi mpaka zikaungua, nikazichemsha, nikatia sukari. Kafeini hamna hata chembe. Baba alionja, akasema, "Leo ndiyo chai!" akakubali kila kitu kabla kikombe hakijafika nusu. Kumbe chai haina kosa. Kila mahali nilipoandika chai, soma Baba.

Majani yenyewe niliyachemsha kando, nikayanywa mimi jikoni, makali, bila sukari. Moyo ukaenda mbio kama Sista alivyosema. Nikaingia kuondoa vikombe, nikapiga magoti, na mdomo ukafunguka: "Babu Protasi, naomba umwambie Bwana Eustakio sitaki. Jumatatu narudi shuleni."

Baba akamgeukia Mama: "Huyu mtoto kanywa nini?"

"Chai yao," akajibu Mama.

Mzee Protasi akaulizia kofia yake.

Leo ni Jumatatu. Barua naipeleka posta mwenyewe, nikiwa njiani kwenda shuleni. Serikali isiiguse chai. Majani yaliyobaki nimeyafunga sandukuni, nikawagawie wenzangu bwenini.