Kasuku Aliyepungua Kilo Tisa

Ghala la Ngano,
Shamba la Serikali,
Wilaya ya Hanang.
Jumapili, 28 Juni 1987

Ndugu Meneja,

YAH: CHETI CHA UZIMA ALICHOANDIKIWA KASUKU WANGU BARNABA, AMBAYE NI MGONJWA

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima. Neno hilo naliandika kwa kusitasita, na ukisoma mpaka mwisho utaelewa kwa nini.

Mimi ni Hermani Sulle, mtunza ghala, mwenyeji wa Nambis. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nikipokea ngano ya shamba hili, nikiipima, nikiipanga na kufagia inayomwagika. Sijawahi kukuandikia kulalamika. Hata mwaka ule upepo ulipong'oa paa la ghala, nilikuandikia kutoa taarifa tu, na nikaongeza salamu.

Barnaba ni kasuku mdogo wa kijivu, mwenye kishungi cha manjano na doa la rangi ya chungwa kila shavu. Alikuwa wa yule mtaalamu wa ngano kutoka Kanada aliyekaa nyumba namba tatu. Mkataba wake ulipokwisha mwaka juzi, alituachia ndege huyu. Ilikuwa siku ya Mtakatifu Barnaba, na mke wangu Imakulata hakuhangaika kutafuta jina. Watoto wetu wote wameshaoa na kuolewa, kwa hiyo nyumbani tuko watatu. Tunampenda. Nalisema wazi ili usije ukadhani nabishania kitoweo.

Barnaba anajua majibu mawili tu. Ukimwamkia shikamoo, anaitikia "Marahaba," na hata usipomwamkia anaitikia. Ukimuuliza hali, anajibu "Mzima tu." Yote mawili ameyapata kwangu, maana kizimba chake kinaning'inia barazani, na kila apitaye huniamkia na kuniuliza afya. Ndege huyu hana kosa lingine lolote.

Sasa tangu mwezi wa tatu Barnaba anakohoa. Ni kikohozi kikavu cha kifuani, kinachoanza kidogo kidogo kisha kikavuta, na mwishoni anashusha pumzi, "aah," kama mzee aliyetua mzigo. Naomba nieleze malalamiko yangu kwa namba, kama tulivyofundishwa kwenye semina.

1. Bwana Mifugo. Kijana Patriki, wa kule Dongobesh, nilimwita wiki mbili zilizopita. Alifika na pikipiki yake, akaniamkia vizuri, shikamoo mzee, na kabla sijafungua kinywa Barnaba akamwitikia marahaba. Kijana akanuna kidogo. Nilimweleza habari za kikohozi toka mwanzo. Akainama kwenye kizimba, akauliza habari ya afya. Barnaba akanyoosha shingo, akasimamisha kishungi, akamwambia, "Mzima tu." Patriki akatoa daftari lake lenye safu za ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda na nguruwe, akaandika pembeni: Kasuku mmoja, mzima. Akatia sahihi na tarehe.

Ndugu Meneja, tangu lini mgonjwa akajiandikia cheti? Ng'ombe huwa anaulizwa? Yule mtaalamu alituambia kabla hajaondoka kwamba ndege ana tabia ya kuficha ugonjwa. Porini anayeonekana mnyonge ndiye huliwa kwanza, kwa hiyo mbele ya mgeni hujikaza na kujifanya kijana. Mgeni akishaondoka, ndipo manyoya yanafura na macho yanafumba. Akasisitiza kwamba tusimsikilize anachosema, tumtazame. Wahenga nao walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na walilijua hilo bila kupitia Kanada.

2. Dalili. Patriki alikataa kusubiri nimwoneshe dalili, akidai ana ng'ombe wa kuogesha kwenye josho. Naziandika hapa ili zisipotee. Asubuhi Barnaba anafurisha manyoya yake. Najua Juni ni baridi na sote tumevaa makoti, lakini yeye anabaki hivyo mpaka saa nne. Usiku hapati usingizi. Kila ninaposhtuka kukohoa namsikia naye yuko macho, anajigeuza juu ya kijiti chake. Mchana anasinzia. Chakula kimemshinda. Mimi na yeye tunakula sahani moja, yeye pembeni, na siku hizi ugali unarudi jikoni nusu. Pumzi nazo zimepungua. Nikipanda ngazi ya ghala naye yuko begani, tunapumzika mara tatu kabla ya kufika juu. Zamani hatukuwa tukipumzika.

3. Uzito. Huu nimeupa namba yake kwa sababu ni jambo la mizani, na mizani ndiyo kazi yangu. Mwezi wa tatu nilipanda mizani ya magunia nikiwa nimemshika Barnaba, tukawa kilo sabini na moja. Mwanzoni mwa mwezi huu tukapanda tena, mizani ile ile, buti zile zile, tukawa sitini na mbili. Kwa hiyo Barnaba amepungua kilo tisa katika miezi mitatu.

Nilipomwambia hivyo, Patriki alinitazama toka kichwani hadi kwenye buti. Halafu akasema kwa adabu kwamba ndege wa aina hii hafiki hata robo kilo akiwa ameshiba. Nikamjibu kwamba hapo ndipo alipopaswa kushtuka. Ndege asiyefika robo kilo akipoteza kilo tisa, amebaki na nini? Mimi mwenyewe nimelazimika kutoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali kwa sababu ya mawazo haya.

4. Zahanati. Nilipoona ofisi ya mifugo imemkataa, Alhamisi ya wiki hiyo hiyo nilimpeleka Barnaba kwa muuguzi Letisia. Tulikaa kwenye foleni kwa haki, nyuma ya mama mwenye mapacha, mpaka tukaitwa. Nikamwomba amsikilize kifua. Badala yake ule mpira wake wa masikioni akaniwekea mimi, mgongoni, akaniambia nivute pumzi. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu mzima. Kisha akaandika karatasi ya kunipeleka hospitali kubwa nikapigwe picha ya kifua. Jina langu aliliandika bila kosa hata moja, la mgonjwa hakuliandika kabisa. Karatasi hiyo niliipokea kwa mikono miwili, nikaenda nayo nyumbani, nikaitandika chini ya kizimba, kwa kuwa tulikuwa tumeishiwa magazeti na mtaalamu alisema kinyesi cha ndege kitazamwe kila asubuhi.

Hapa sina budi kumtaja Gidahosh. Unamkumbuka. Tulifanya naye kazi ghalani miaka tisa, mtoto wa wafugaji wa huko tambarare, mtu aliyebeba gunia kama wengine wanavyobeba kofia. Mwaka juzi alimwambia muuguzi ukweli kuhusu kifua chake. Gari likamchukua Jumatatu, likamrudisha Jumamosi chini ya turubai. Turubai hilo nililikunja mimi, lipo ghalani mpaka leo, na sipendi kupita upande ule. Tangu hapo sisi wa ghalani tukiulizwa hali tunajibu mzima tu. Naogopa, Ndugu Meneja. Naogopa kwa niaba ya Barnaba.

5. Mke wangu. Ni vigumu kumlalamikia mtu anayekupikia, lakini haki ni haki. Wiki iliyopita, nikiwa kazini, Imakulata alimchukua mgonjwa, kizimba na kitandiko chake, akampeleka nyumbani kwa Letisia, akamwacha huko siku tatu. Sikuombwa ruhusa. Aliporudishwa, Imakulata na Letisia walinieleza, kwa furaha nisiyoielewa, kwamba kwa siku zote tatu Barnaba hakukohoa hata mara moja, alikula mpaka akaomba tena, na usiku alilala. Nikawaambia kwamba huo ndio uthibitisho wenyewe. Alikuwa ugenini, akajikaza. Jioni hiyo hiyo, mara tu mimi nilipotoka kufagia ghala na kukaa barazani kukohoa vumbi la siku, Barnaba naye alikohoa, mpaka na ile "aah" ya mwisho. Imakulata akaingia ndani na kukaa huko muda mrefu. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni moshi wa jikoni. Moto ulikuwa haujawashwa.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Kwanza, cheti cha Patriki kifutwe. Pili, utoe agizo kwa shamba zima, kuanzia ofisini mpaka kambi ya matrekta, kwamba kuanzia sasa yeyote atakayejibu "mzima tu" asiaminiwe mpaka atazamwe. Aulizwe mkewe anakula kiasi gani. Apandishwe mizani. Apandishwe na ngazi, ihesabiwe anapumzika mara ngapi. Wapo watu hapa shambani, siwataji, wanaodanganya kwa neno hilo kila siku mbele ya wanaowapenda, na kwa maoni yangu hilo ni kosa kubwa kuliko kumwaga ngano. Tatu, utoe Landrova impeleke Barnaba hospitali kubwa, apigwe picha ya kifua. Mimi sitaweza kumsindikiza, mavuno yanaanza mwezi ujao na ghala haliwezi kubaki bila mtu. Ila picha hiyo naomba niletewe mimi, niitazame taratibu nikiwa peke yangu. Barnaba na mimi tumevuta vumbi moja. Kama kwake ni salama, nitashukuru sana kujua.

Nisalimie wote hapo ofisini: Philomena wa taipu, madereva, mpishi wa kantini na yule mlinzi wa geti anayenipekua buti. Mpe salamu na mama watoto. Ukimkuta yeyote anayesema hana tatizo, msalimie mara mbili.

Wako katika ngano na katika wasiwasi,

Hermani Sulle
Mtunza Ghala

NYONGEZA, Jumatatu 29 Juni.

Barua hii ilikuwa iondoke asubuhi na lori la mafuta. Jana usiku nilimpa Imakulata anisahihishie herufi, kwa kuwa yeye alimaliza shule ya masista na mimi niliishia darasa la nne. Akakaa mezani akaisoma kwa sauti. Lakini kila alipofika kwenye jina la Barnaba, hakulisoma. Alisoma Hermani.

Hermani anafurisha makoti mpaka saa nne. Hermani hapati usingizi. Ugali wa Hermani unarudi jikoni. Nilidhani ananitania, nikacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kule barazani Barnaba akakohoa nyuma yangu kama mwanafunzi anayefuatisha mwalimu. Alipofika kwenye kilo tisa aliacha kusoma. Aliweka barua chini, akasema jambo moja tu.

"Gidahosh alisema mzima tu kwa miaka miwili. Gari halikumuua, Hermani. Lilichelewa kuitwa."

Nimekaa na neno hilo mpaka kumekucha.

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, naomba masahihisho yafuatayo yafanyike katika barua hii. Kila palipoandikwa Barnaba, pasomeke Hermani Sulle. Palipoandikwa kasuku, pasomeke mtunza ghala. Cheti cha kijana Patriki kibaki kama kilivyo, maana ni sahihi, na naomba aombwe radhi kwa niaba yangu. Manyoya yake yanafura kwa baridi ya Juni tu. Kuhusu kusinzia mchana, Imakulata ameniuliza ni nani asiyesinzia akikeshwa na kikohozi changu. Ombi la Landrova libaki. Ghala nitamkabidhi Margwe, msaidizi wangu, na ufunguo uko kwenye bahasha hii. Karatasi ya Letisia nimeitoa kizimbani. Ina alama tatu nne za Barnaba, lakini jina langu bado linasomeka.

Leo asubuhi Imakulata aliniletea chai barazani, akaniuliza nimeamkaje. Barnaba, kama kawaida yake, akawahi kujibu mzima tu. Mimi nikamwambia mke wangu, "Naumwa."

Barnaba alisimamisha kishungi, akageuza shingo, akanitazama kwa jicho moja. Jibu hilo hajawahi kulisikia katika nyumba hii.