Majoho Thelathini na Heshima ya Bure

Jumatatu, 4 Machi
Balaa! Mpiga pasi wangu amehamia kwa shemeji, mwenye duka la ushonaji ng'ambo ya barabara. Wamebaki wawili: Mzee Mkasi, mkataji wangu, na Binti Vifungo. Shemeji anamnyemelea mzee pia. Mzee akiondoka, nafunga duka. Na kwaya inataka majoho thelathini Jumamosi! Mke wangu anasema watu hawakimbii kazi, wanakimbia mdomo wangu. Eti niwaheshimu. Nikauliza itagharimu kiasi gani. Bure, akasema. Bure! Mbona hakusema mapema?

Jumanne, 5 Machi
Nimeanza kwa kishindo. Nimempa Binti Vifungo shikamoo, tena nikainama. Ana miaka kumi na tisa! Akaangua kilio, akakusanya sindano zake, akidhani amefukuzwa. Nusu saa nzima nambembeleza. Mzee Mkasi aliitikia marahaba vizuri tu, kisha akanituma chai. Nimekwenda. Duka langu mwenyewe!

Jumatano, 6 Machi
Hatua ya pili: kuwasikiliza. Dakika kumi kila mtu. Natikisa kichwa, naguna, nawaza chakula changu. Kwa bahati mbaya nikasikia. Mzee alikuwa anasema kitambaa hiki cha majoho kikilowa kinarudi. Kisipoloweshwa kabla ya kukatwa, joho la mtu mzima litamtosha mtoto. Nikamuuliza kwa ukali mbona hakuniambia. Akasema ameniambia mara tatu, na mara ya tatu nilimwambia afunge domo akate. Hakukata, Mungu ambariki. Tumelowesha jora zima kwenye mabeseni. Nimeanika mwenyewe. Mgongo sina.

Alhamisi, 7 Machi
Shemeji ameingia mchana kweupe, amemvuta mzee pembeni. Mimi nyuma ya pazia la kupimia nguo, roho mkononi. Mzee akamjibu kwamba ameshona kwa mabosi watano, na ni mmoja tu aliyemwanikia kitambaa. Akaongeza kuwa bosi huyu ni mjinga kidogo, ila anafundishika. Nimelia. Nampenda mzee yule.

Jumamosi, 9 Machi
Yote thelathini, kabla ya saa nne! Mvua imewanyeshea wanakwaya njiani, na hakuna joho lililorudi hata kidole. Wameagiza mengine arobaini. Binti Vifungo ameimba akifagia. Nimetafakari sana siri ya ushindi huu. Ni masikio yangu. Nina kipaji cha kusikiliza, nacho hakifai kufichwa. Jumatatu nawakusanya wote niwafundishe. Saa mbili nzima, na asifungue mtu mdomo.