Shuka la Inchi Mia Mbili

Jumatatu, 16 Juni 2025

Baridi kali. Mlima haujaonekana tangu Alhamisi. Nimefunga kibanda mapema. Siku hizi hakuna anayetaka picha ya paspoti huku amejikunyata.

Shemeji Joel kapiga simu kutoka Usa River. Anaongea taratibu, kama anasoma matangazo kanisani. Kasema binti yangu Brenda atakuja kwangu Ijumaa akae hadi Jumapili, kisha mtoto aseme mwenyewe: shule zikifunguliwa, anataka kukaa kwa nani? Kwa mjomba wake au kwangu hapa Sokon I? Ana miaka kumi sasa, kasema Joel, tumsikilize. Nikajibu sawa, tumsikilize.

Mke wangu Hanna alipofariki, mwaka jana mwezi wa tatu, Brenda alikwenda kwa kaka yake Hanna kwa wiki moja tu, ili mimi nipumue. Wiki hiyo sasa ina miezi kumi na mitano. Nimejiuliza sana Joel ana nini ambacho mimi sina. Leo nikiwa naosha sufuria nimepata jibu. TV! Inchi sitini na tano, sebuleni, inaonekana hadi getini. Mtoto gani atatoka pale?

Mimi hapa nina redio.

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda mjini kwa Lemburis, yule anayeuza vifaa vya umeme vilivyotumika. TV kubwa nimeziangalia kwa mbali tu. Lemburis akanivuta pembeni, akanong'ona kwamba TV ni ya watu wasioona mbele. Ukinunua TV ya inchi hamsini, kasema, utazeeka nayo ikiwa na hamsini zake zile zile. Lakini projekta unaisogeza tu nyuma, picha inakua!

Akanionyesha. Kidude kama mkate wa boflo. Inchi mia mbili! Joel kwisha habari yake.

Kwenye boksi imeandikwa 4K, yaani picha kali kuliko zote. Nimeuliza kama ni kweli. Lemburis kaeleza kwa uaminifu kwamba inapokea 4K. Inachotoa ni mambo yake yenyewe. Napenda muuzaji mkweli. Tumebadilishana na friji langu. Friji la nini mwezi wa sita? Arusha nzima ni friji.

Jumatano, 18 Juni

Majaribio. Nimeiwasha saa nne asubuhi. Sikuona kitu, ila feni yake ilivuma kama mashine ya kusaga. Kumbe inataka giza. Nimetundika mablanketi yote matatu madirishani na kuziba nyufa kwa magazeti.

Nikachomeka flashi ya video aliyonipa Lemburis, picha ikatokea! Juu pana, chini nyembamba, kila mtu ana mabega ya mbeba mizigo. Nimeinyanyua kwa rimu mbili za karatasi na kopo la kahawa, ikanyooka kidogo. Tatizo likabaki ukuta. Ukuta wangu ni wa kijani, rangi ya mafuta. Msomaji wa habari alionekana mgonjwa sana.

Pia sebule ina hatua nne tu. Nimesogea nyuma hadi nimegusa mlango wa choo, inchi mia mbili hazikufika. Lemburis hakuniuliza habari za sebule.

Saa tisa jirani yangu Mama Simaloi kabisha hodi na chupa ya uji. Kaona madirisha yamefunikwa, akadhani nimepata msiba mwingine. Alianza kunipa pole kabla hajavua kanga kichwani. Nimemweleza ni burudani. Akaniachia uji hata hivyo.

Alhamisi, 19 Juni

Kinahitajika kitambaa cheupe. Shuka jeupe humu ndani ni moja, chini kabisa ya sanduku. Hanna alilifuma mwaka wake wa mwisho, amekaa kitandani na mito mgongoni. Maua mekundu pande zote nne na moja kubwa katikati. Nimelitundika. Kila anayezungumza kwenye picha ana ua puani!

Nimefikiri dakika mbili nzima. Hanna angenielewa. Kwenye mradi wa kware alinielewa, kwenye sungura alinielewa. Nimechukua wembe wa kukatia picha nikaanza kufumua.

Saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Kibanda sikufungua. Kazi ya Hanna nyuma safi kama mbele, nyuzi zilitoka kwa heshima. Ila ua moja la pembeni lilikuwa limepinda, mafundo matupu, limenitoa jasho. Nadhani siku hiyo maumivu yalimzidi. Hapo niliacha wembe nikaenda kusimama uani. Nililia, basi. Kisha nikarudi kumalizia, maana Ijumaa ni kesho.

Nyuzi nimezitupa jalalani. Shuka sasa ni jeupe kabisa, isipokuwa matundu ya sindano, ambayo hakuna atakayeyaona.

Ijumaa, 20 Juni

Kaletwa! Joel kamshusha, kaangalia madirisha yangu, hakusema neno. Hiyo ndiyo tabia yake inayoniudhi kuliko zote.

Brenda kasema shikamoo baba. Amerefuka, mikono ya sweta haifiki. Nilitaka kumnyanyua kama zamani lakini nilikuwa nimeshika rimoti.

Kauliza kwa nini ndani kuna giza. Nimemwambia ni siri, kesho atajua. Akatoka kwenda kuona kuku wa Mama Simaloi. Karudi na uzi mwekundu mkononi. Kaufungua kwenye mguu wa kuku. Kauliza umetoka wapi. Nimesema labda jirani anashona. Huo ni uongo wangu wa kwanza kwake mwaka huu. Nimemwona mara sita tu mwaka huu, kwa hiyo si vibaya sana.

Amelala na sweta na koti langu juu. Mablanketi yako madirishani na kuyatundika kulinichukua nusu siku. Hakulalamika. Afadhali angelalamika, ningejua la kufanya.

Jumamosi, 21 Juni

Onyesho saa sita mchana. Katuni ya tembo anayetafuta maji. Tembo hakusikika kwa sababu ya feni. Upande wa kushoto picha kali, upande wa kulia ukungu, kwa hiyo tuliona vizuri mkonga na masikio, kule nyuma tukakisia. Kwenye sehemu za kuchekesha nilicheka kwa nguvu ili mtoto ajue ndipo hapo.

Nikageuka kumwangalia. Kiti kitupu!

Nimemkuta nyuma ya shuka, kati ya kitambaa na ukuta. Upande ule kila tundu la sindano lilikuwa linatoa mwanga. Vidoa vidogo, mamia, vimejipanga. Maua yote ya Hanna yalikuwepo, pande zote nne na lile la katikati. Mengine yalikuwa kwenye sweta la mtoto na shavuni kwake. Alikuwa anayafuata kwa kidole bila kugusa.

Kaniuliza kama hata lile la pembeni nimelitoa. Nikauliza lipi, lililopinda? Kasema ndiyo, lile lilikuwa la kwake. Mama alimwachia alishone peke yake, na lilipoharibika akakataa kulirekebisha. Mama alisema ndilo analolipenda kuliko yote.

Nilimuuliza anaionaje picha kwa ukubwa. Kasema ni kubwa.

Jumapili, 22 Juni

Tumetoka kanisani. Joel alisema atafika saa tisa. Saa nane Brenda kakaa karibu yangu kwenye kochi, kaongea polepole, akiangalia viatu vyake.

Kaomba shuka. Nikaona basi, ndio mwisho, anachukua kumbukumbu ya mama yake na kwenda. Kumbe hapana. Kasema matundu bado yapo, mtu anayafuata tu. Yeye uzi atanunuliwa na mjomba. Lakini hataki kushona peke yake. Anataka niende Usa River siku za Jumamosi tushone wote wawili, atanifundisha. Zimebaki Jumamosi mbili kabla shule hazijafunguliwa. Tukilimaliza ua la katikati, atarudi nalo hapa alitandike kitandani kwake, akae na mimi. Nisipokwenda atajua kwamba simtaki, na atabaki kwa mjomba.

Nimeapa. Jumamosi saa tatu asubuhi, bila kukosa! Kanishika vidole viwili hadi kwenye gari, kama alivyokuwa anafanya akiwa mdogo. Nilifurahi hadi nikasahau kumsema Joel.

Sasa nimekaa nafikiria. Brenda anarudi, vizuri. Lakini atarudi kuangalia nini? Shuka limekwenda, projekta imebaki na ukuta wa kijani. Atakaa wiki moja, atakumbuka zile inchi sitini na tano, atafunga begi. Nimeona kosa langu. Projekta haikuwa jibu. Nilitakiwa kuchukua TV tangu mwanzo!

Jumamosi, 28 Juni

Nilikuwa nimeshapiga pasi shati la kwenda Usa River. Saa moja na nusu Lemburis kapiga simu. TV ya inchi sabini na tano! Imetoka kwenye hoteli iliyofungwa, mteja mwingine yuko njiani, niwahi. Nikapiga hesabu: dakika sitini mjini, kisha moja kwa moja kwa Brenda. Nitafika nimechelewa kidogo, lakini na habari njema.

Lemburis aliikataa projekta peke yake. Alisema haziuziki, kasahau aliyoniambia juzi. Nimeongeza mashine ya kuchapia picha za paspoti. Kisha kutafuta kigari cha mizigo, Kirikuu, cha kubebea. Kisha mlango wangu ukawa mwembamba, tukang'oa fremu. Saa kumi na moja jioni ndipo ilisimama ukutani.

Simu ikalia. Joel. Kasema Brenda alikaa barazani tangu saa tatu asubuhi, shuka mapajani, na sindano mbili. Ya kwangu alikuwa ameshaitunga uzi. Chakula cha mchana hakula, aliogopa nikifika nimkute ana mafuta mikononi. Joel alijaribu kushika sindano ile ili amsaidie, mtoto akamnyang'anya.

Nimemwambia Joel amweleze mtoto kwamba ni sabini na tano. Asisahau namba. Joel akaondoka kwenye simu, akarudi. Kasema amemwambia. Mtoto kauliza kama hiyo ndiyo sababu, kisha kaingia ndani kulala, na bado jua lipo.

Wivu. Nimeusikia kabisa kwenye sauti ya Joel. Ananizidi magari na kazi ya kusimamia bustani za maua za watu, lakini inchi kumi hana!

Sasa niko peke yangu mbele ya TV. Haina king'amuzi, na flashi imekwenda na projekta, kwa hiyo najiona mwenyewe tu kwenye kioo, na mlango usio na fremu nyuma yangu. Nimemkumbuka mwanangu sana. Sikujua mtu anaweza kumkumbuka mtoto kiasi hiki na kumbe yuko umbali wa nusu saa tu.

Jumamosi ijayo ndiyo ya mwisho. Bahati mbaya fundi wa king'amuzi ana nafasi siku hiyo tu, na kasema lazima anikute nyumbani. Brenda ataelewa.